Bastola Chini ya Koti

Msomaji, kabla sijaanza kushtaki ni haki nikiri kwamba mimi mwenyewe nilikuwa mshiriki. Nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya msingi, katika miaka ya mwisho ya karne iliyopita, palikuwa na chumba cha video karibu na soko la Khayega, mwendo mfupi kutoka mji wa Kakamega. Kuta zake zilikuwa za mabati, madirisha yake yalizibwa kwa magunia, na jenereta yake ilikohoa nje kama mzee mgonjwa wa kifua. Kiingilio kilikuwa shilingi tano. Kila Jumamosi niliyotumwa kisimani mara mbili nilikwenda mara moja, mtungi wa pili nikauficha kichakani, nikakimbilia huko. Tulibanana juu ya mabenchi, wakubwa kwa wadogo, tukamtazama Rambo, tukamtazama na yule baba wa filamu ya Commando anayeangamiza jeshi zima peke yake kwa ajili ya binti yake. Mashujaa hawa wote tuliwaita kwa jina moja: stelingi. Tulikuwa na kanuni moja tuliyoifahamu kuliko jedwali la kuzidisha, nayo ni kwamba stelingi hafi. Jioni nilitoka mle nimenyosha vidole viwili na kuvificha chini ya sweta, nikapita sokoni nikiwatazama akina mama wauza ndizi kwa jicho la mtu mwenye siri.

Leo mimi ni mwalimu wa walimu. Kazi yangu ni kuwatayarisha vijana watakaokwenda kufundisha watoto wadogo, na kila mwaka huwafuata katika shule za vijijini kuona wanavyoifanya kazi hiyo. Katika uwanja wa karibu kila shule nimeona mchezo ule ule wa utoto wangu. Mtoto mmoja hupapasa kiunoni, huchomoa kijiti, hutoa mlio kwa mdomo, mwenzake huanguka. Aliyeanguka hulala kidogo, kisha huinuka akakung'uta vumbi, kwa kuwa zamu yake imefika ya kupiga. Sina ugomvi na watoto hawa. Ugomvi wangu ni na watu wazima waliowafundisha mchezo huo, watu wenye fedha nyingi na kamera nzuri. Mwaka 1903 Mmarekani mmoja, Edwin Porter, alitengeneza filamu fupi ya wanyang'anyi wa gari la moshi, na ndani yake akamweka jambazi mwenye masharubu ambaye anaelekeza bastola kwa watazamaji wenyewe na kufyatua. Tangu siku hiyo, kwa zaidi ya miaka mia moja, senema imekuwa ikituonyesha kwa uhodari mkubwa namna risasi inavyotoka, na imekuwa na haya kubwa ya kutuonyesha inakofikia.

Hilo ndilo shtaka langu, nami nalitaka lisichanganywe na mashtaka mengine. Sisemi kwamba kila atazamaye filamu za bunduki atakuwa mwuaji. Mimi nilitazama nyingi na sijamwua mtu. Sisemi senema zifungwe wala kaseti zichomwe. Tangu 1962 nchi yetu ina Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, na bodi inayopanga nani atazame nini, lakini kijana mwenye simu mfukoni haombi ruhusa kwa bodi. Nasema hivi: senema na televisheni zimeigeuza bastola kuwa vazi, na kumfanya mwenye kuificha chini ya koti aonekane kuwa mtu kamili zaidi kuliko mwenye kutembea mikono mitupu.

Mtazame James Bond. Katika filamu yake ya kwanza, ya mwaka 1962, mkuu wake anamnyang'anya bastola yake ya zamani na kumpa nyingine, Walther PPK, kama baba anayemvisha mwanawe kanzu ya harusi. Bastola ile ni ndogo, hukaa kwapani, haiharibu shono la koti. Tangu hapo watu duniani kote wanaijua bastola ile kama wanavyoijua tai yake na kinywaji chake. Miaka tisa baadaye Clint Eastwood aliigiza polisi wa San Francisco katika filamu ya Dirty Harry, mkononi ana bastola kubwa ya Smith & Wesson ambayo kabla ya hapo wanunuzi wake walikuwa wachache. Filamu ilipotoka, wauzaji wa bunduki wa Marekani waliulizwa bastola hiyo na wateja hata wakashindwa kuwatosheleza. Mfanyabiashara wa sabuni hulipa fedha nyingi ili aisifu sabuni yake kwa nusu dakika katika televisheni. Mtengeneza bunduki hupewa saa mbili nzima za sifa, na mtazamaji ndiye anayelipa kiingilio!

Na sifa zenyewe ni za uongo. Tuzipime moja moja, kwa kuwa ninyi mnaosoma fizikia mnaweza kuzipima hata bila msaada wangu. Katika filamu mtu akipigwa risasi hurushwa nyuma, akavunja kioo, akaangukia meza ya tatu. Lakini kanuni ya Newton inatuambia kwamba msukumo wa risasi kwa apigwaye hauwezi kuzidi msukumo wa bunduki kwa apigaye. Basi kama risasi ingemrusha mmoja hatua tano, ingemrusha na mwingine hatua tano upande wa pili, na stelingi wetu angepigana vita vyake vyote akiwa chali. Katika filamu bastola hupiga bila kuisha. Bastola nyingi za leo hubeba risasi kumi na tano au kumi na saba, na zile za zamani zilibeba sita. Katika filamu mwuaji hufunga kizuia mlio mbele ya bastola, nayo ikatoa sauti kama ya mtu anayeita paka. Kwa kweli chombo hicho hupunguza ukali wa mlio tu, na kinachobaki bado ni kishindo cha kumwamsha aliyelala chumba cha pili.

Huo ni uongo mdogo. Uongo mkubwa ni wa shabaha. Shujaa wa filamu hutoka nje ya gari linalokwenda kasi, huviringika chini, na kwa risasi moja humpiga adui aliyemshika mateka, bila kumgusa mateka. Sasa sikilizeni habari za watu halisi waliofunzwa kazi hiyo na kulipwa kwa ajili yake. Hesabu za polisi wa jiji la New York kati ya miaka 1998 na 2006 zilichunguzwa, ikaonekana kwamba polisi walipokuwa wakijibizana risasi na wahalifu, katika kila risasi 100 walizopiga ni 18 tu zilizompata aliyekusudiwa. Nyingine themanini na mbili zilikwenda wapi? Zilikwenda ukutani, zilikwenda katika magari, na mara nyingine zilikwenda kwa watu. Tarehe 24 Agosti 2012, mbele ya jengo la Empire State katika jiji hilo hilo, mtu mmoja alimwua mtu aliyewahi kufanya kazi naye, kisha akawaelekezea polisi wawili bastola. Polisi walipiga risasi kumi na sita wakamwua. Wapita njia tisa walijeruhiwa asubuhi hiyo, na wote tisa walijeruhiwa na risasi za polisi au vipande vyake. Hawa walikuwa polisi wenye mafunzo, mchana kweupe, adui wao yu karibu sana. Basi fikiri juu ya karani au mwenye duka ambaye amepiga shabaha kwenye karatasi mara nne kwa mwaka, na sasa giza limeingia, watoto wanalia, magoti yanamcheza.

Hata hao wavaa kofia pana, ambao senema imetuaminisha kwamba kila mmoja wao alitembea na bastola kama sisi tunavyotembea na kalamu, wamesingiziwa. Mji wa Tombstone, katika Arizona, ulikuwa na amri tangu 1881 iliyokataza kuchukua silaha ndani ya mji, ya wazi au ya kufichwa. Mgeni aliyefika alitakiwa aiweke bunduki yake mahali pa kutunzia, aichukue akiondoka. Mapigano mashuhuri ya O.K. Corral ya tarehe 26 Oktoba mwaka huo, ambayo yametengenezewa filamu moja baada ya nyingine, yalianza pale wakuu wa mji walipokwenda kuwanyang'anya watu silaha kwa mujibu wa amri hiyo. Yalidumu kiasi cha nusu dakika, na watu watatu wakafa. Filamu ya 1957 iliyoitwa kwa jina la mapigano hayo inaendelea kwa saa mbili. Saa mbili kwa nusu dakika! Na ile amri ya kuweka bunduki chini, ambayo ndiyo iliyokuwa kiini cha ugomvi, ni nani kati yetu aliyetoka senema akiikumbuka?

Uongo huu ulisafiri mbali, wala haukuanza jana kufika Afrika. Katika miaka ya 1950, vijana wa Léopoldville, mji ambao leo ni Kinshasa, walitazama filamu hizo za wachunga ng'ombe, wakajiita Bills kwa jina la Buffalo Bill, wakajifunga vitambaa shingoni, wakabuni na lugha yao ya mitaani. Wakubwa wa Kibelgiji waliowatawala hawakuwaruhusu kuwa na bunduki, hivyo walichukua mwendo wa mwenye bunduki, mikono imetanuka kando ya nyonga. Msomaji, mwendo huo umepata kuuona mjini Kakamega? Mimi nauona kila siku katika stendi ya matatu.

Nasi Wakenya hatukuhitaji kufundishwa na mtu yeyote uzito wa bastola iliyofichwa, maana historia yetu imeuandika kwa damu. Wapiganaji wa msituni wakati wa Mau Mau walitengeneza bunduki kwa mabomba ya maji, vipande vya mbao, komeo za milango na mipira, na baadhi ya bunduki hizo ziliwapasukia mikononi. Dedan Kimathi alipokamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, hakuhukumiwa kwa vita alivyoviongoza. Shtaka lililompeleka kwenye kitanzi, tarehe 18 Februari 1957, lilikuwa ni kupatikana na bastola na risasi zake. Jambo hilo halifai kupita bila kufikiriwa. Serikali ya kikoloni iliyokuwa na ndege za mabomu ilimnyonga mtu kwa bastola moja. Kwake yeye bastola ile haikuwa pambo la koti. Alijua bei yake, na aliilipa.

Sheria tuliyo nayo leo, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ina asili yake katika miaka hiyo hiyo. Kwa sheria hiyo raia hana haki ya kuwa na bastola. Anaweza kupewa ruhusa, akieleza sababu ya kutosha na akionekana kuwa mtu anayefaa, na ruhusa hiyo inaweza kuondolewa. Mwishoni mwa 2018 raia wote wenye leseni waliamriwa wafike kuhakikiwa upya. Walakini walio na leseni ni sehemu ndogo mno ya habari yenyewe. Wachunguzi wa Small Arms Survey wa Geneva walikadiria kwamba mwaka 2017 raia wa Kenya walikuwa na bunduki kiasi cha 750,000, na katika hizo zilizoandikishwa zilizidi 8,000 kwa kidogo tu. Serikali imekuwa ikiziteketeza zinazokamatwa: mwaka 2016 zilichomwa 5,250 huko Ngong, na mwaka 2021 nyingine zaidi ya 5,000. Ukitaka kulinganisha, wachunguzi hao hao walikadiria za raia wa Marekani kuwa milioni 393, nyingi kuliko idadi ya watu wao. Huko ndiko zinakotoka nyingi za filamu zetu. Kijana wa Shinyalu anatazama desturi za nchi ambamo bunduki ni nyingi kuliko watu, akidhani anatazama desturi za wanaume.

Sasa wenye kunipinga wamekwisha kusimama, nami nawapa nafasi, kwa sababu wanayo hoja moja yenye nguvu. Watasema: Je, Westgate? Naam, tuitazame Westgate. Tarehe 21 Septemba 2013 magaidi waliingia katika jengo hilo la maduka mjini Nairobi, wakaua watu 67 katika siku nne. Kabla majeshi hayajafika, raia wachache wenye bastola za leseni waliingia pamoja na askari waliovaa kiraia, wakawatoa watu wengi wakiwa hai. Mmoja wao, Abdul Haji, aliyekuja kuwa seneta wa Garissa miaka baadaye, aliingia kwa kuwa ndugu yake alikuwa amenaswa mle. Picha yake ilienea duniani: mkono mmoja una bastola, na mtoto wa kike anamkimbilia. Sitasema neno la kumpunguzia mtu huyo heshima yake. Laiti ningalikuwa mahali pake, sijui kama ningaliingia.

Lakini itazameni tena picha hiyo. Katika filamu kamera ingeifuata bastola. Katika picha ya Westgate jicho linafuata mkono mwingine, ule mtupu ulionyoshwa kumpokea mtoto. Na habari za siku ile hazikuishia katika picha. Majeshi yalipoingia yakiwa hayana uongozi mmoja, walipigana wenyewe kwa wenyewe, na kamanda wa kikosi maalumu cha polisi akafa kwa risasi ya upande wake. Mahali penye watu wengi wenye bunduki na wasio na sare, askari anayeingia mlangoni atamjuaje gaidi na atamjuaje mwokozi? Swali hilo stelingi haulizwi kamwe, maana watazamaji wote, na risasi zote pia, wanamjua kuwa ndiye stelingi.

Wengine watasema kwamba hayo ni maigizo tu, na kila mtu anajua kuwa ni maigizo. Nawajibu kwa habari za waigizaji wenyewe. Jon-Erik Hexum, mwigizaji wa televisheni wa Marekani, alikuwa akingoja kazi ianze siku moja ya Oktoba 1984. Akaiweka bastola yenye risasi baridi kichwani mwake kwa mzaha, akafyatua, akafa siku chache baadaye. Brandon Lee, mwana wa Bruce Lee, alipigwa risasi akiigiza filamu ya The Crow mwezi Machi 1993, kwa bastola iliyodhaniwa kuwa haina kitu cha kudhuru. Tarehe 21 Oktoba 2021, huko New Mexico, mpiga picha Halyna Hutchins aliuawa katika matayarisho ya filamu ya Rust, na risasi ilikuwa ya kweli ndani ya bastola iliyokuwa mkononi mwa mwigizaji Alec Baldwin. Walikuwa na wataalamu, walikuwa na kanuni, walikuwa na watu walioajiriwa kwa kazi ya kuziangalia silaha tu. Kama chuma hiki hakikuwaheshimu wao, waliokichezea kwa ajira, kitamheshimu nani?

Kuna picha nyingine ambayo Wakenya wengi wanaikumbuka. Januari 2020 kijana aliyekuwa akicheza muziki katika klabu moja mjini Nairobi alipigwa risasi shingoni, na kamera ya usalama ya klabu ilinasa tukio lote. Shauri hilo lilikwisha kufika mahakamani, nami si hakimu. Sitaki kumtaja mtu. Nataja picha tu, kwa kuwa ndiyo picha ya kweli kuliko zote za bunduki nilizopata kuziona. Haina muziki. Ni jambo la sekunde chache. Hakuna aliyeviringika chini, hakuna aliyesema neno la kukumbukwa. Kijana alianguka, akachukuliwa kama furushi. Kisha ikafuata ile sehemu ambayo hakuna mwongozaji wa filamu angekubali kuipiga: miezi na miezi ya kitanda.

Nimesema kuwa mimi si adui wa senema, na ni lazima nithibitishe. Mwaka 2012 David Gitonga alitengeneza Nairobi Half Life, filamu ya kwanza ambayo Kenya iliipeleka kushindania tuzo ya Oscar. Mhusika wake mkuu, Mwas, ni kijana wa kijijini anayeuza filamu za ng'ambo kwa kuziigiza mbele ya wateja. Anakwenda Nairobi kutafuta kazi ya uigizaji, anaangukia katika genge la wezi. Ndani yake mna bastola, tena si chache. Ila kila bastola inayotolewa humletea mwenye nayo deni, na mwisho wenzake wanakufa vifo visivyo na sifa yoyote, nasi tunawajua kwa majina kwa kuwa tumekula nao. Filamu hiyo naweza kuionyesha kwa wanafunzi wangu bila kuona haya. Yanitosha kuonyesha kuwa jambo hili linawezekana, na kwamba wasiolifanya hawazuiwi na ufundi wala fedha.

Sasa nitakuambia kwa nini naandika kwa ukali huu, jambo ambalo wenzangu chuoni wamenionya kwamba halifai kwa insha.

Katika kile chumba cha video palikuwa na mwenzetu mmoja aliyetuzidi sote kwa kuiga. Alikuwa mbele yangu darasa moja. Akitoka kutazama filamu aliweza kuirudia yote njiani, sauti za watu, milio ya magari, hata muziki. Leo ningemwambia mzazi wake kuwa mtoto huyu ana kipaji, atafutiwe shule yenye mwalimu wa maigizo. Siku zile hakuna aliyemwambia hivyo. Karo ilimshinda baba yake katika kidato cha pili, akarudi nyumbani, akabeba mchanga mtoni, akaendesha baiskeli ya abiria. Tulikuwa tukikutana, naye alinitania kwa kuniita profesa.

Usiku mmoja, katika soko dogo ambalo silitaji, aliingia katika duka wakati mwenyewe akifunga hesabu. Walioshuhudia walisema alisimama mlangoni kwanza, akafungua koti taratibu kwa mkono wa kushoto, akaonyesha mpini. Nilipoambiwa hivyo nilijua mara moja ametoa wapi kitendo kile; tulikuwa pamoja tulipokiona, benchi moja, tumegawana mahindi ya kuchoma. Mwenye duka hakuinua mikono kama wanavyoinua katika filamu. Alipiga ukelele. Soko lote lilitoka, na wewe msomaji, kama umekulia upande wetu, unajua ukelele wa mwizi unaleta nini. Hakufyatua hata risasi moja kuwatisha, kwa sababu bastola yake ilikuwa ya mti. Aliichonga mwenyewe, akaipaka rangi nyeusi ya viatu, akaing'arisha. Waliokuja asubuhi kuuchukua mwili waliitia katika mfuko wa karatasi, ikawa kielelezo.

Nilikwenda mazishini. Mama yake alikuwa akiwauliza watu, si kwa kulia bali kwa kutaka kujua kweli, mwanawe aliipata wapi bunduki. Kila mmoja alimwambia haikuwa bunduki. Aliuliza tena. Hakuweza kuelewa jinsi mtu anavyoweza kuuawa kwa ajili ya kipande cha mti, wala hakuna kati yetu aliyeweza kumweleza. Mimi nilikuwa na maelezo, lakini yalikuwa na mabenchi ndani yake, na shilingi tano, na kicheko chetu sote kila yule stelingi alipofungua koti. Nikanyamaza.

Mwaka huu wakati wa likizo nilipita pale palipokuwa na chumba cha video. Mabati yameondolewa, pana duka la kutengeneza simu. Kwenye kizingiti wavulana wanne walikuwa wameinamia simu moja, na kutoka ndani yake mtu alikuwa akiisimulia filamu ya kigeni kwa Kiswahili chenye mizaha mingi, kama ilivyo desturi siku hizi. Milio ya risasi ilikuwa mingi. Nikasimama nikatazama nao. Kwa dakika chache shujaa aliwaua watu kumi na mmoja, niliwahesabu.

Nikamwuliza mdogo wao, "Yule wa tatu aliyekufa anaitwa nani?"

Wakacheka. "Mwalimu, huyo hana jina. Huyo ni wa kufa tu."

Nikakaa nao kizingitini, nikawasimulia habari za mwenzangu yule, tangu mtungi wa maji hadi mfuko wa karatasi. Walisikiliza kwa adabu, filamu wakiwa wameisimamisha, kidole cha mwenye simu kikingoja juu ya kioo. Nilipomaliza, yule mdogo aliniuliza kama ile bastola ilifanana na ya kweli.

Nikamwambia ilifanana sana.

"Aliichonga kwa mti gani?" akauliza.